Kuro Walioletwa na Lori

Jumanne, tarehe nane mwezi wa nne. Mvua ilianza kabla ya jogoo na kukatika saa mbili asubuhi, ikaacha wingu jepesi lililolala juu ya bonde siku nzima. Hakukuwa na jua wala upepo wa maana. Nimefika nyumbani hapa Uriri saa kumi na moja jioni, matope hadi magotini, na mke wangu amenikataza kuingia na viatu. Kwa hivyo naandikia nje kwenye veranda, daftari juu ya goti.

Ninyi vijana wa kambi ya hifadhi mliniomba, siku ile ya kuniaga, niandike mambo ya kazi yasije yakaondoka na mimi. Nilikubali mbele ya watu, halafu nikaogopa. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, na mambo ninayoyajua kwa hakika si mengi. Lakini ya leo yamenichanganya, nikaona heri niyaandike tangu mwanzo, ninyi mliosoma mniambie nilipokosea.

Nilianza kama kibarua wa kufyeka njia za kuzuia moto. Siku ya kwanza nilikuja na panga langu kutoka nyumbani. Mzee Okelo, mtu wa Kosele, ndiye aliyekuwa kiongozi wa doria. Alilichukua, akalipitisha kidole, akaniangalia, akaniita kwa Kijaluo, mtu wa Uriri.

"Jauriri, hii panga ulinunua ama ulirithi?"

"Nilinunua, mzee."

"Basi walikuibia."

Akanipa tupa, akanikalisha kwenye jiwe, nikanoa hadi saa nne. Sikufyeka hata jani moja siku hiyo. Nilidhani nimeshafukuzwa kazi kwa njia ya heshima. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananiangalia kama naweza kukaa mahali pamoja bila kusema. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, wanangu. Bunduki mtapewa na mtafundishwa, lakini kukaa kimya saa tano nzi wakikunyonya damu, hakuna chuo cha hiyo.

Mambo ya cheo nayaruka, hayakuwa mengi. Niliingia doria nikamfuata Okelo miaka kumi na kitu. Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa sababu kalamu ya wino ikinyeshewa, swala wote wa asubuhi wanageuka kuwa mto mmoja wa buluu. Alinifundisha kutovaa nguo ya buluu wala nyeusi bondeni, maana mbung'o huzipenda rangi hizo kuliko sisi tunavyopenda samaki. Na alinifundisha kumjua kuro kwa pua. Kuro, swala mkubwa wa mtoni, ana mafuta kwenye manyoya, na upepo ukikujia usoni unamnusa kabla ya kumwona, harufu kama ya blanketi la beberu lililolowa. Fisi akiwa na njaa humla. Fisi akishiba hujifanya hajamwona.

Kila mwaka tulihesabu wanyama. Mnajipanga mstari, mnatembea upepo ukiwa mbele, kila mtu na fomu yake. Fomu ilikuwa na mistari: korongo, tohe, taya, kuro, twiga, na kadhalika. Macho ya wakubwa yalikuwa kwa korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, kwa sababu ndiye aliyeipa hifadhi yetu sifa. Ukikosea korongo mmoja unaitwa ofisini. Ukikosea kuro kumi, hakuna anayeinua kichwa. Mara moja nilimuuliza Okelo kama dume na jike tunawaandika tofauti. Akasema, "Kwa korongo, ndiyo. Kuro ni kuro." Simlaumu. Mstari ulikuwa mmoja, na kalamu haiwezi kuandika pasipo na mstari. Lakini kosa letu la miaka yote lilianzia hapo, na mimi nililifanya kwa mwandiko mzuri.

Sasa lori. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu au wa nne, sina hakika. Twiga walikuwa wameshaletwa kabla yangu, na barua zao, na picha za wakubwa wakitabasamu, kwa hivyo sikuona ajabu tulipoambiwa kuna lori linakuja. Shamba moja la mtu binafsi, mbali huko upande wa mashariki, lilikuwa linafungwa, na wanyama wake wakagawiwa huku na huku. Lori lilifika mchana, limefunikwa turubai. Karatasi ya dereva ilisema: kuro, saba.

Okelo alinipandisha juu nivute mlango kwa kamba. Mlango ulipanda, vumbi likatoka, wakatoka nao. Mimi nilikuwa juu yao na nyuma yao. Nilichoona ni migongo na matako yakikimbilia nyasi ndefu. Hakuna mtu mwingine siku hiyo aliyeyaona matako yale vizuri kuliko mimi. Na ndicho kitu kimoja ambacho siwezi kukikumbuka. Nakumbuka dereva aliomba maji. Nakumbuka kamba ilinichuna kiganja. Okelo aliandika kwenye kitabu cha matukio: "Kuro 7 wamepokelewa wakiwa hai." Basi.

Miaka ikaenda. Kuro wa mtoni niliwajua mmoja mmoja, si kwa sababu ya akili bali kwa sababu njia yangu ya doria ilipita hapo. Kulikuwa na jike mmoja mwenye sikio lililochanika, nilimwita Sikio. Alikuwa na tabia ya kubaki nyuma wenzake wakikimbia, akikuangalia kama mtu aliyesahau jambo la kukuambia. Alizaa mara nyingi. Sikuandika watoto wake popote. Ningewaandika wapi?

Okelo alistaafu, akarudi Kosele, akafariki. Nilizika rafiki. Nikaendelea.

Mwaka wa mwisho wa kazi yangu akaja Daktari Nafula. Wengine wenu mlimcheka kwa sababu ni mdogo na viatu vyake vilikuwa vipya. Mimi pia nilicheka kidogo. Naye hakutudharau, hilo lazima niseme. Alitembea nasi wiki tatu akipiga picha kuro kwa nyuma, nyuma tu, hadi wapishi wa kambi wakaanza kuulizana.

Jioni moja akaniita kwenye meza, akafungua kompyuta.

"Mzee, angalia huyu. Nyuma ana kiraka cheupe, kimejaa. Umeona?"

"Nimeona."

"Na huyu ana pete. Duara nyeupe, katikati rangi ya mwili."

"Nimeona."

"Hawa ni kuro wawili tofauti, mzee. Wa kiraka ndio wa huku kwetu magharibi. Wa pete ni wa mashariki, ng'ambo ya Bonde la Ufa. Hawakupaswa kukutana."

Akafungua picha ya tatu. Pete iliyojaa nusu, kama mwezi. Ya nne, pete iliyovunjika chini. Ya tano, sikujua niite nini.

"Wameshakutana," nikasema.

"Ndiyo. Na kwenye fomu zenu zote imeandikwa kuro."

Sikulala vizuri. Miaka yote hiyo niliangalia matako mawili tofauti nikaona moja. Nilikuwa na darubini, ni kweli kioo kimoja kilikuwa na ukungu, lakini cha pili kilikuwa kizima.

Maelezo ya Daktari nimeyarudia mara nyingi, na nayaeleza hapa jinsi alivyoyaeleza, nisimwonee. Alisema wa kiraka waliobaki si wengi kwa hifadhi ndogo kama yetu iliyozungukwa na mashamba. Wakiendelea kuchanganyika, baada ya miaka watakuwa kitu kingine, na hawatarudi. Kuwahamisha wa pete haikuwezekana, kwa sababu kila hifadhi iliyoulizwa ilikataa damu iliyochanganyika. Kwa hivyo kuwatoa kulikuwa na maana moja. Alilisema hilo akiangalia meza. Lakini amri ingetolewa tu ikithibitishwa kwamba wa pete waliletwa na watu. Kama walikuwa hapa tangu zamani, basi ni mambo yao wenyewe, waachwe. Na kitabu cha matukio kilisema saba, hakikusema saba gani.

"Watu waliokuwa pale siku ya lori ni nani?" akauliza.

Dereva hatukumjua. Okelo yuko kaburini. Nilibaki mimi.

Tatizo langu lilikuwa hili. Ndani ya kichwa changu kuna Okelo amenishika bega, ananionyesha kuro mwenye pete, anasema kitu, tunacheka. Lakini siku hiyo ni lini? Nikiiweka kabla ya lori, wanyama wanapona. Nikiiweka baada, wanakufa. Ilikuwa inahama. Asubuhi iko kabla, jioni iko baada.

Koplo Mwita alinifuata nikifua sare. Mnamjua, hazunguki.

"Mzee, sema tu uliwaona kabla ya lori. Nani atakubishia?"

"Na kama sikuwaona?"

"Na kama uliwaona? Si umesema huna hakika?"

"Sina."

"Basi chagua upande ambao hauna damu. Kwetu Kehancha ng'ombe akikaa zizini kwako miaka hiyo yote, hakuna anayeuliza alitoka boma gani."

"Kwenu Kehancha," nikamwambia, "ng'ombe anaulizwa sana alitoka boma gani."

Alicheka, lakini si sana. Alikuwa anasema kwa moyo. Yeye ndiye angepangwa kwenye kazi hiyo, si mimi, mimi nilibakiwa na wiki sita kustaafu. Kusema kweli maneno yake yalikuwa na uzito, na sijui hata leo kama nilikuwa na jibu au nilikuwa na ubishi tu.

Nilistaafu kabla ya kuandika taarifa. Daktari akanipigia simu mara mbili, kwa adabu. Ndipo nikaenda Kosele kumwona mjane wa Okelo, tunamwita min Ouma, yaani mama Ouma. Nilidhani labda mume wake aliacha madaftari. Nilimkuta anaanika mtama uani. Madaftari yalikuwepo, mawili, na kila ukurasa ulisema kuro, kuro, kuro. Nilikaribia kumshukuru Mungu. Sasa hakuna ajuaye, nitaandika sijui, na sijui haiui mtu.

Tukanywa chai. Akaniuliza nini kinanisumbua na hao swala, nikamweleza. Akaacha kikombe, akaanza kucheka peke yake.

"Wale waliokalia nyungu?"

"Nyungu gani, mama?"

"Ah, Jauriri. Siku ile lori lilikuja, baba Ouma alikuja nyumbani likizo kesho yake. Akaniambia, serikali imetuletea kuro wamekalia mdomo wa nyungu ya majivu, wote saba wamebaki na alama. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema wa kwetu hukaa kwa majivu yenyewe, hao wageni wanaogopa kuchafuka."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Una uhakika ilikuwa siku ya lori?"

"Ndiyo siku alileta ile turubai kuukuu waliyopewa na dereva. Si hiyo unaikanyaga?"

Nikaangalia chini. Mtama ulikuwa umeanikwa juu yake, na kiatu changu kilikuwa kwenye pembe. Nikakiondoa.

Nilirudi nyumbani nimebeba jambo ambalo hakuna aliyejua isipokuwa mimi na mama mmoja wa Kosele ambaye hakuna ofisi ingemuuliza. Ningeweza kunyamaza. Nilikaa nalo siku nne. Mke wangu akasema, "Wewe umeulizwa nini?" Nikasema, nimeulizwa waliletwa ama walikuwepo. "Na umejua?" Nikasema nimejua. "Basi si umeshajibu?" Kwake mambo huwa mepesi, na mara nyingi huwa sahihi, na hilo halinisaidii kulala.

Niliandika taarifa. Ukurasa mmoja, kwa penseli, Daktari akaniomba nirudie kwa kalamu. Niliandika kwamba kwa ushuhuda wa mjane na kumbukumbu yangu mwenyewe ya kicheko cha Okelo, ambayo sasa ilitulia baada ya lori, wenye pete walikuja na lori. Mwita hajanisemesha tangu hapo zaidi ya salamu. Ana haki yake.

Sasa leo. Nilifika kambini saa mbili na nusu, mvua ikiwa imeisha. Mlikuwepo wengi wenu, lakini kwa walio kwenye mafunzo naeleza. Ukuta wa turubai ulisimamishwa nyasini kama mdomo wa mgono wa kunasia samaki, mpana mbele na mwembamba mwisho. Kuro angeweza kuiruka au kuipasua, lakini hajui hilo, anaona ukuta. Watu walitembea nyuma yao polepole bila kelele hadi wakaingia. Mwisho wa njia kulikuwa na milango miwili ya mbao. Wa kushoto ulirudi nyasini. Wa kulia uliingia kizizi kidogo, na humo alikuwa daktari wa sindano.

Utaratibu uliandikwa na kusomwa mbele yetu. Kiraka kamili, kushoto. Pete kamili, kulia. Wa katikati, shahidi atasema kama anamjua mama yake. Mama akiwa wa ukoo wa lori, kulia. Shahidi akisema hajui, mnyama avishwe hereni ya njano, aende kushoto hadi damu ipimwe. Shahidi nilikuwa mimi. Nilikaa juu ya pipa, Daktari Nafula pembeni na karatasi, Mwita kwenye kamba ya milango.

Nje ya waya walikuwa wamekusanyika majirani. Mama mmoja wa kuuza mandazi aliita, "Askari, hiyo nyama inaenda wapi?"

"Inazikwa, mama. Ina dawa."

"Nyama yote hiyo mzike, na ombi lenu kila siku ni sisi tusiwinde?"

 Jibu la kumpa nimelitafuta njiani kote.

Walikuwa kumi na tisa. Wanne wa kiraka walipita, Mwita akavuta kamba ya kushoto kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Tisa wa pete walienda kulia. Sikio alikuwa wa tatu kati yao. Alibaki nyuma kidogo mlangoni, kama kawaida yake, halafu akaingia. Alikuwa ameshazeeka, manyoya yamekwisha shingoni.  Sheria ilikuwa wazi na pete yake ilikuwa kamili.

Wa katikati walikuwa sita. Watano wa kwanza nilisema sijui, na Mungu ananisikia, sikujua. Niliwaangalia pembe, masikio, mwendo, nikatafuta, nikakosa. Watano wakavishwa hereni wakaenda.

Wa sita alikuwa jike mdogo, pete imevunjika chini. Aliposimama kati ya milango alibaki nyuma, akageuza kichwa akaniangalia. Sikio alijifungua nyuma ya mabwawa msimu wa nyasi fupi, mwaka mmoja na zaidi kabla sijastaafu. Nilimwona akimlamba mtoto. Nadhani ni huyu. Kulikuwa na majike wengine wawili waliozaa hapo wiki hiyo, na nyasi ni nyasi. Lakini nikipimwa kwa jinsi nilivyopima mambo mengine maishani, nilikuwa najua zaidi ya kutojua.

"Mzee?" Daktari akauliza.

"Sijui."

Kalamu yake ilisimama. Aliniangalia muda. Mwita pia aliniangalia, mara ya kwanza tangu taarifa.

"Hujui, mzee?"

"Sijui, Daktari."

Akaandika. Hereni ikabanwa, mlango wa kushoto ukafunguka, akaenda.

Njiani kurudi nimejaribu kulipanga. Labda sijui yangu ilikuwa ya kweli, kwa sababu hakika sina. Labda ilikuwa uongo niliouvalisha sare, kwa sababu kwa habari ya Kosele nilikuwa na hakika kama hiyo hiyo na niliiandika. Kama niliweza kuwahukumu tisa kwa mzaha wa marehemu, kwa nini sikuweza kumhukumu mmoja kwa macho yangu? Na kama niliweza kumwacha huyu, wale tisa walinikosea nini? Nageuza hivi, nageuza vile, halikai.

Nilifikiri nisiandike sehemu hii. Halafu nikafikiri, nimewaambia ninyi miaka yote muandike mnachokiona, hata mahali pasipo na mstari. Kwa hivyo nimeandika. Daktari, haya yatakufikia, najua vijana watakuonyesha. Hereni ya mwisho mliyobana leo, ndiye huyo. Nimekuambia nilichoona na nilichodhani, na nimeshindwa kuvitenganisha. Huenda damu yake ikasema kabla yako, huenda wewe ukasema kabla ya damu. Ukiamua kumtafuta, anapenda kivuli cha miti ya ng'ambo ya mabwawa, na ukienda upepo uwe usoni. Ukiamua kungoja damu, sitakuuliza kwa nini. Simu yangu unayo.

Giza limeingia na mke wangu amewasha taa. Tumekula ugali wa mtama, omena wa kukaanga na nyanya, na mboga ya osuga iliyolala kwenye maziwa tangu jana. Nilikula vizuri, nikaongeza, na hilo nalo limenishangaza.